Ukuta Uliokula Fueli: Kisa cha Mtambo wa JET

Mwaka 1997, huko Culham, kusini mwa mji wa Oxford, Uingereza, mtambo wa JET ulitoa megawati 16 za nguvu ya fyusheni, yaani ya kuunganisha viini vya atomi. Ilikuwa kwa kitambo kifupi tu, lakini hadi leo hakuna tokamaki, yaani mtambo wa fyusheni wa aina ya JET, iliyopita kilele hicho. Dunia ikashangilia. Mafundi waliobaki na mtambo baada ya shangwe walikuwa na hesabu iliyokataa kukubali. Waliingiza ndani ya chombo takriban gramu 35 za tritiamu, fueli ya fyusheni. Wakaendesha plazma, yaani gesi ya moto mkali, ya kusafisha, wakarudia, wakarudia tena, na bado gramu 6 hivi hazikutoka. Zilikuwa zimemezwa na ukuta.

Gramu sita ni kijiko cha chai kilichojaa sukari. Kwa nini mtu aumize kichwa? Kwa sababu tritiamu haipatikani dukani. Ni hidrojeni yenye mionzi, nusu yake huisha kila baada ya miaka 12.3, haichimbwi popote, na nyingi iliyopo hutoka kwenye vinu vichache vya nyuklia vinavyotumia maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito. Zaidi ya hayo, ITER, mtambo mkubwa wa kimataifa wa fyusheni ambao wakati huo ulikuwa ungali kwenye michoro, haungeruhusiwa kuwa na zaidi ya kilo moja ya tritiamu iliyokwama ndani ya chombo chake. Kwa ukuta wa aina ya JET, ungefika kwenye kikomo hicho baada ya majaribio mamia machache tu, kisha ungelazimika kusimama na kusafishwa. Mtambo wa namna hiyo hauwezi kuzalisha umeme wa mtu yeyote.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu habari za fyusheni hutufikia kama habari za rekodi. Anayesoma rekodi peke yake ataona mwaka 1997, kisha ataona mwaka 2021, na hataelewa miaka 24 iliyo katikati ilikwenda wapi. Sehemu kubwa ya jibu iko ukutani.

Kwanza mtambo wenyewe. JET uliwasha plazma yake ya kwanza tarehe 25 Juni 1983. Chombo chake ni cha aloi ya nikeli, kina umbo la tyubu ya tairi la trekta, na ni kikubwa kiasi kwamba mtu anaweza kusimama wima ndani yake na kutembea mduara mzima. Hewa yote hunyonywa mpaka libaki ombwe, gesi kidogo sana huingizwa, kisha hupashwa moto mpaka elektroni ziachane na viini. Hiyo ndiyo plazma. Ikifika nyuzijoto milioni 150 za Selsiasi, viini vya deuteriamu (hidrojeni nzito) na tritiamu hugongana kwa nguvu ya kutosha kuungana, na katika kuungana kwao hutoa nishati. Koili 32 za shaba, ambazo ni sumaku za umeme, kila moja na umbo la herufi D, huishikilia plazma isiguse ukuta. Umeme unaohitajika kwa wakati mmoja ni mwingi kiasi kwamba gridi peke yake haikutosha. Kulikuwa na magurudumu mawili mazito, kila moja na tani 775, yaliyoongezwa mwendo taratibu kwa dakika kadhaa, kisha mwendo huo ukachotwa na kugeuzwa umeme kwa sekunde chache. Jaribio moja la namna hii ndilo ninaloliita pigo.

Sumaku huishikilia plazma, lakini haziifungi kabisa. Chembe huvuja pembeni muda wote na kuelekezwa chini, kwenye mfereji uitwao divota, ambako joto na taka hupokelewa. Kwa hiyo ukuta haukwepi kuguswa. Swali la fundi siku zote ni: uguswe kwa nini, na ukiguswa utoe nini?

Mpaka 2009 jibu la JET lilikuwa kaboni, na halikuwa jibu baya. Kaboni haiyeyuki; ikizidiwa na joto hugeuka mvuke moja kwa moja. Atomi yake ni nyepesi, hivyo ikipenya ndani ya plazma haiipoozi sana. Mwendeshaji akikosea, kigae cha kaboni kinaungua kidogo na kazi inaendelea. Watu walifanya kazi na ukuta huo kwa miaka mingi, wakaujua kama mpishi anavyojua jiko lake.

Ila kaboni na hidrojeni hupendana mno. Plazma ikigusa kigae, hidrojeni huokota atomi za kaboni na kuunda gesi za jamii ya methani. Gesi hizo hutangatanga hadi zikutane na mahali pa baridi penye kivuli, na hapo hujibandika kama utando mweusi. Aliyekulia kwenye jiko la kuni analijua jambo hili bila kufundishwa: masizi hayakai pale moto unapolamba, hujikusanya juu kwenye dari na kwenye pembe ambazo ufagio haufiki. Ndani ya JET pembe hiyo ilikuwa upande wa ndani wa divota, nyuma ya vigae, kwenye vibao vilivyopozwa kwa maji. Utando ukanenepa, ukabanduka magamba magamba, magamba yakaanguka chini pasipofikika, na kila gamba lilibeba tritiamu. Plazma ya kusafisha haikufika huko kwa sababu ile ile iliyoyapeleka masizi huko: moto haufiki.

Hapo ndipo Ulaya ilipofanya uamuzi ambao naona haujapewa heshima yake. JET uvuliwe kaboni yote inayoguswa na plazma, uvishwe ukuta uleule uliokuwa umekusudiwa kwa ITER: berili kwenye ukuta mkuu, tungsteni kwenye divota. Fikiria maana yake. Una mtambo unaofanya kazi vizuri kuliko yote duniani, una mapishi ya miaka 25 yanayokupa plazma nzuri, halafu unakubali kuutupa msingi wa mapishi hayo ili ujifunze upya, kwa faida ya mtambo mwingine, katika nchi nyingine, ambao haujajengwa. Waliopinga walikuwa na hoja, maana hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba plazma ile ingerudi kama ilivyokuwa.

Madini yenyewe yalikuwa na tabia mbili zinazopingana. Berili ni nyepesi, elementi ya nne tu kwenye jedwali, na ikiingia ndani ya plazma huleta madhara kidogo. Isitoshe hunasa oksijeni na kulisafisha ombwe. Lakini huyeyuka kwa nyuzi 1287, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu kwa ugonjwa usio na tiba ya kuumaliza. Tungsteni, ile iliyokuwa ikitengeneza nyuzi za balbu za zamani, huyeyuka kwa nyuzijoto 3422, juu kuliko metali nyingine zote. Ubaya wake ni uzito: atomi yake ina elektroni 74, na hata kwenye joto la katikati ya plazma haiwezi kuvuliwa zote. Elektroni zinazobaki hung'aa na kutupa joto nje. Ikifika atomi moja ya tungsteni kwa kila viini elfu kumi, tayari ni nyingi mno.

Kazi ilianza Oktoba 2009 na kumalizika Mei 2011. Vipande vilivyoshughulikiwa, vya kutoa na vya kuingiza, vilifika takriban 86,000. Tani mbili za berili ziliingia, na tani mbili za tungsteni. Vigae vya berili vilikatwa mistari mistari kama mkate uliochanjwa kabla ya kuokwa, ili joto likivivimbisha visipasuke na mikondo ya umeme isizunguke ndani yake kwa nguvu ya kuving'oa. Safu ya divota inayopokea joto kali zaidi haikutengenezwa kwa mabamba ya tungsteni. Ilitengenezwa kwa vipande vyembamba zaidi ya 9,000, vyenye unene wa milimita chache, vilivyopangwa kwa kusimama kama vitabu kwenye rafu. Tungsteni nene huvunjika kama kigae cha udongo; ukiikata nyembamba na kuipa nafasi ya kupumua, inavumilia.

Na karibu yote hayo yalifanywa bila mtu kuingia ndani. Nyutroni za miaka iliyopita, chembe zinazorushwa viini vinapoungana, zilikuwa zimeufanya mtambo utoe mionzi, tritiamu ilibaki, na vumbi la berili halina msamaha. Kazi ilikuwa ya Mascot, roboti inayoongozwa kutoka mbali. Mwendeshaji hukaa katika chumba kingine, ameshika mikono miwili ya chuma, mbele yake safu ya skrini. Ndani ya chombo mikono mingine miwili hufuata kila anachofanya, tena humrudishia hisia. Bolti ikianza kukaza, kiganja chake kinahisi ukinzani. Kigae kikigusa jirani yake, anahisi mgongano kabla kamera haijamwonyesha. Mascot hubebwa na boriti ndefu yenye viungo, inayojikunja kama mkonga wa tembo kupitia tundu upande mmoja wa chombo. Boriti ya pili huingia upande wa pili, ikileta zana na vigae vipya na kuondoka na vya zamani. Kila hatua ilifanyiwa mazoezi kwanza kwenye mfano wa chombo wa ukubwa kamili, na njia ya boriti ikajaribiwa kwenye kompyuta, kwa sababu bolti ikidondoka ndani ya JET huwezi kuinama ukaiokota.

Teknolojia hii ilikuwa imejaribiwa hapo hapo mwaka 1998, pale vigae vya divota vilipobadilishwa kwa mikono ya mbali muda mfupi baada ya majaribio ya tritiamu. Kwa maoni yangu, mwaka ule wa 1998 una uzito sawa na megawati 16 za mwaka uliotangulia. Bila huo, mwaka 2009 usingewezekana.

Tarehe 24 Agosti 2011 wakawasha. Kwa kawaida mtambo uliofunguliwa kwa muda mrefu hukataa kwanza: hewa iliyojificha kwenye vigae hutoka, oksijeni huvuruga, plazma haishiki mpaka uzisugue kuta kwa siku nyingi. Safari hii pigo la kwanza lilishika, likaendelea kwa sekunde 15. Berili ilikuwa imekula oksijeni.

Hesabu ya fueli nayo ikakubali. Kiasi kilichobaki ukutani kilishuka zaidi ya mara kumi. Vumbi lililofyonzwa kwenye divota baada ya kampeni ya kwanza halikuzidi gramu mbili, wakati enzi za kaboni lilikuwa zaidi ya gramu mia. Swali lililoleta mradi likawa limejibiwa ndani ya mwaka mmoja, na kama kisa hiki kingekuwa cha ukuta peke yake, kingeishia hapo.

Lakini plazma haikuwa ile waliyoizoea.

Kaboni, kumbe, ilikuwa ikiwasaidia kimyakimya. Atomi zake zilizopenya pembeni zilikuwa zikisambaza joto kwa kung'aa, na ukingo wa plazma ulikuwa ukifikia joto la juu zaidi. Ilipoondoka, plazma zenye nguvu hazikuhifadhi joto kama zamani. Walipoingiza naitrojeni kidogo, sehemu ya ubora ule ikarudi, jambo lililoonyesha wazi kwamba kilichopotea kilikuwa uchafu wenye manufaa. Naye adui mpya alikuwa akijikusanya katikati. Tungsteni iliyokwanguliwa kwenye divota ilipenya ndani, ikarundikana kwenye moyo wa plazma, moyo ukang'aa na kupoa, pigo likafa. Ili kuizuia walilazimika kuongeza gesi pembeni, na gesi hiyo ilipunguza ubora zaidi. Walilazimika pia kupasha moto katikati kabisa kwa mawimbi ya redio ili tungsteni isukumwe nje, na kuchokoza milipuko midogo ya ukingoni kwa vidonge vya deuteriamu iliyogandishwa, ili kila mlipuko uondoke na sehemu ya uchafu. Kila dawa ilikuwa na madhara yake, na kipimo chake kilipatikana kwa kurudia mapigo mamia kwa mamia.

Hata namna plazma inavyokatika ilibadilika. Plazma ikivurugika, mkondo wake wa mamilioni ya ampia hufa ghafla, na chombo kizima husukumwa kwa nguvu ya mamia ya tani. Enzi za kaboni, uchafu ulikuwa ukitawanya sehemu kubwa ya joto kabla halijafika ukutani. Kwenye ukuta wa metali, joto lilibaki na kwenda kugonga mahali pamoja. Vigae vya berili vya juu ya chombo vilianza kuyeyuka na kumwagika kingo, kama nta ya mshumaa ulioachwa penye upepo. Ikawa amri: kwa mapigo ya mikondo mikubwa, mfumo ukigundua kwamba plazma inakaribia kukatika, gesi nyingi irushwe ndani mara moja ili joto litawanyike. Kamera za kuona joto ziliwekwa kuvilinda vigae kwa kila pigo, na kigae kikikaribia kikomo, mtambo unapunguza nguvu wenyewe bila kusubiri binadamu. Enzi ya kusema "kigae kitaungua kidogo" ilikwisha.

Mwaka 2013 walifanya jambo ambalo mtu wa matengenezo akilisoma mara ya kwanza anaweza kushika kichwa. Waliuacha makusudi ukingo wa kipande kimoja cha tungsteni wazi, juu ya mwenzake kwa milimita chache, wakaupigia plazma hadi ukayeyuka. Walitaka kujua, kabla ITER haujajengwa, kama tungsteni ikiyeyuka itarusha matone ndani na kuua plazma. Ukingo uliyeyuka, metali ikasogea na kujikunja pembeni, matone machache yakaruka, na plazma ikaendelea. Novemba ya mwaka huo ITER ikathibitisha kwamba itaanza na divota ya tungsteni tangu siku ya kwanza, bila kupitia kaboni kwanza kama ilivyopangwa awali. Kipande kimoja kilichoharibiwa kwa mpango kiliokoa ubadilishaji mzima wa divota.

Miaka kama kumi ya kurekebisha mapishi ilipita hivyo, pamoja na kuimarisha mashine za kupasha moto. Mwishoni mwa 2021 tritiamu ikarudi. Tarehe 21 Desemba pigo moja likatoa megajuli 59 za nishati kwa sekunde tano. Kwa kulinganisha, rekodi ya nishati ya 1997 ilikuwa megajuli 22. Watu waliuliza, na ni haki yao kuuliza, mbona nguvu ya wastani ilikuwa kama megawati 11 tu, chini ya zile 16? Na mbona fyusheni ilirudisha kama theluthi moja tu ya joto lililoingizwa kwenye plazma? Jibu ni kwamba kilele cha 1997 kilikuwa cha pumzi moja, plazma iliyopanda na kuporomoka. Plazma ya 2021 ilikaa tulivu kwa sekunde zote tano ambazo koili za shaba, kwenye nguvu kubwa namna hiyo, ziliweza kuvumilia kabla ya kupata joto kupita kiasi, tena ndani ya ukuta ambao mtambo wa kesho unaweza kuutumia. Mimi huichagua hiyo ya pili bila kusita. Tarehe 3 Oktoba 2023 wakairudia kwa ubora zaidi: megajuli 69, kutokana na takriban miligramu 0.2 za fueli.

Kuna jambo moja linaloniuma katika kisa hiki. Mwaka 2023 ITER iliamua kuachana na berili na kuweka tungsteni kwenye ukuta mkuu pia, kwa sababu ya sumu ya berili na hofu ya kuyeyuka kwake. Nusu ya ukuta ambao JET uliuvaa kwa shida yote ile haitavaliwa na mtambo uliokusudiwa. Nimesikia wakisema basi juhudi ilipotea. Sikubaliani nao. Kilichoonyesha kwa vitendo jinsi berili inavyoyeyuka, na jinsi kazi inavyokuwa nzito kila pembe inapokuwa na vumbi lake, ni vigae vilevile vya JET. ITER isingejua gharama hiyo kwa kukaa na kukokotoa.

JET ulizimwa Desemba 2023, baada ya mapigo 105,842. Katika majaribio ya mwisho waendeshaji walifanya waliyokuwa wakiyakwepa kwa miaka 40: waligeuza umbo la plazma juu chini, na wakaelekeza boriti ya elektroni zilizotoroka, yaani zilizoshika kasi kupita kiasi, moja kwa moja kwenye ukuta wa ndani, ili waone unavunjika namna gani. Kisha mikono ya mbali ikaingia tena kuvifungua baadhi ya vigae na kuvipeleka maabara. Vinakatwa, vinapimwa kina cha kuyeyuka, na vinapashwa moto polepole ili kujua, gramu kwa gramu, tritiamu iliyobaki imejificha wapi.